Wapangaji wa Ukuta wa Mama

Mume wa dada yangu ukikutana naye barabarani atakusalimia vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, halafu atainama ainue tofali lililo karibu na mguu wako. Usishtuke. Anatafuta vijidudu. Ila ukisema "vijidudu" mbele yake umeiharibu asubuhi yako mwenyewe, maana atasimama wima, ashike kiuno, aanze: "Si wadudu, shemeji. Hawa ni jamaa wa kaa na kamba. Wazee wao walitoka majini wakaja kuishi nchi kavu." Atakueleza yote hayo hata kama una beseni la nguo kichwani.

Hao viumbe unawajua. Inua chungu cha maua kilichokaa mahali pamoja muda mrefu, au ubao uliolowa, utawakuta: wa kijivu, mgongo una magamba yaliyopandana kama vigae, miguu midogo mingi, wakiona mwanga wanatawanyika kila mmoja na njia yake. Wakubwa wanafika urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho. Shemeji na wakubwa hana habari nao. Anasema wale hata mtoto anawatambua. Yeye ni bingwa wa wadogo, wale ambao hawazidi kipande cha punje ya mchele, ambao watu wa kila pembe ya dunia wanawapiga picha kwa simu, picha yenyewe ukungu mtupu, kisha wanaitupa kwenye kundi moja la mtandaoni na kuuliza: huyu ni nani?

Shemeji anajibu. Chai haijapoa, ameshajibu.

Tusimwonee, mtu huyu zamani alikuwa na kazi ya maana. Chumba cha mbele cha nyumba yao ni studio: stuli moja, kitambaa cha bluu ukutani, mwavuli wa taa, kioo kidogo, na kitana kilichofungwa kamba kisiondoke na mteja. Mtaa mzima umekalia stuli ile kwa picha za pasipoti. "Inua kidevu. Masikio yote mawili yaonekane. Usicheke." Hakuna aliyewahi kutoka pale na picha ya mtu mwenye furaha, lakini hakuna ofisi iliyowahi kuikataa picha yake pia. Hiyo ni haki yake, nampa.

Baadaye ofisi zikanunua kamera zao, watu wakapata simu zao, stuli ikabaki inakula vumbi. Shemeji akawa anashinda mlangoni, mikono mfukoni, anakosoa videvu vya wapita njia. Siku moja dada yangu akachoka, akamkabidhi ufagio. Alipoinua stuli afagie, chini yake akapita kiumbe mmoja mdogo anakimbilia ufa. Shemeji akatupa ufagio, akachukua kamera, akamtandikia kitambaa cha bluu. Dada anaapa kwamba alimsikia kwa masikio yake akimwambia, "Tulia. Usicheke."

Hapo ndipo tulipompoteza.

Alinunua lenzi ya kupigia vitu vidogo. Akajiunga na kundi. Kwenye kundi lile kuna wanaouliza na wanaojibu, na wanaojibu sana hupewa alama ya jani dogo la kijani pembeni mwa jina. Shemeji alipopata jani lake alimwonyesha muuza duka, akamwonyesha kinyozi, akamwonyesha na yule anayekuja kusoma mita ya umeme. Mimi alinifuata saluni, nina kichwa cha mtu mkononi nusu kimesukwa nusu bado, akaniwekea simu mbele ya pua. "Unaona nini, shemeji?"

"Naona jani."

"Ndiyo mimi huyo!"

Mteja wangu akauliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia bado tunachunguza.

Kazi yenyewe, kwa anavyoieleza, ni ya macho. Mmoja jicho lake ni nukta moja nyeusi, mwingine nukta tatu zilizobanana, mwingine hana jicho kabisa, mweupe pee, anaishi udongoni. Mmoja kiuno kimebanwa ghafla kabla ya mkia, mwingine ameteremka taratibu. Unakuza picha, unahesabu vipande vya ncha ya kipapasio, unatoa jina. Shida ni kwamba wale wadogo wengi, hata ukikuza mpaka simu ilie, wanafanana. Ndiyo maana kiongozi wa kundi, mwanamke mtu mzima anayefanya kazi kwenye makumbusho na aliyetumia maisha yake yote kuwasoma viumbe hao, mara nyingi hujibu sentensi moja tu: "Kwa picha hii haiwezekani kusema." Sisi tulimwita Bi Makumbusho. Sentensi yake ile ilimtia shemeji homa. "Haiwezekani! Mtu amesoma miaka yote hiyo aje kutuambia haiwezekani? Cheo alipewa cha nini hicho?" Kwa shemeji hapakuwa na kisichowezekana. Ukimletea picha ya makombo ya mkate, makombo yatapata jina na ukoo.

Halafu alikuwa na kanuni yake, aliyoisema kwa kila mtu, hata aliyekuja kukopa chumvi. "Kiumbe chenyewe anakitazama kila mtu. Mimi natazama pembeni. Kona ya picha ndiyo inayosema. Ukiona kona ina jani la mgomba, unajua yuko wapi. Ukiona saruji, unajua anakula nini. Soma kona!" Alikuwa anapiga meza akisema hivyo. Soma kona.

Sasa tuje kwa mama yetu, maana yeye ndiye aliyelipia haya yote.

Mama alipoanza kusumbuliwa na magoti, dada alimchukua akae naye, akampa chumba cha nyuma. Chumba ni chembamba hivi kwamba ukiweka kitanda na sanduku umemaliza, kitanda chenyewe kimegusa ukuta huku, na huku unapita kwa ubavu. Ndani ya ukuta ule linapita bomba la kutoka kwenye tangi kwenda bafuni. Msimu mmoja rangi ikaanza kuvimba. Ikabanduka. Ukuta ukawa na harufu ya kitambaa cha deki kilichosahaulika kwenye ndoo, na juu kidogo ya mto wa Mama likajichora doa jeusi. Mama akaanza kukohoa. Na pamoja na unyevu, wakaja wao.

"Nimepata wapangaji," Mama akaniambia, akionyesha ukuta kwa kidevu. "Hawalipi, lakini hawana kelele."

Nikamwambia ahamie kwangu. Kwangu ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, mimi na wanangu tunalala tumepangwa kama njiti za kiberiti, lakini tungejibana. Mama akakataa kabisa. "Nikitoka hapa watu watasema mkwe wangu kanifukuza. Mkwe wangu hajanikosea kitu. Mwacheni."

Ndivyo alivyo Mama. Kwetu sisi wanawe ana ulimi wa wembe, lakini mbele ya mkwe anakunja mikono na kusema kwa sauti ya mgeni. Na shemeji, kwa upande wake, hakuingia chumba kile bila kubisha hodi na kutazama chini. Pengine ndiyo sababu hakuuona ukuta kwa muda wote huo. Ama alijitia hamnazo, sijui.

Aliuona siku alipoitwa kubadilisha balbu. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Shemeji alipanda kwenye sanduku, akafunga balbu, taa ikawaka, akageuka ashuke, akaganda. Kisha akapiga ukelele. Mama akadhani nyoka, akavuta miguu juu na magoti yake yale.

"Mkwe wangu, ni nini?"

"Mama, usitikisike!"

Ukutani, katikati ya wenzake wa kijivu, palikuwa na mmoja wa rangi mbili. Nusu ya mbele ya kijivu, nusu ya nyuma nyeupe kama chaki, na mpaka kati yake umenyooka kama umepigwa rula. Shemeji alitoka mbio, akarudi na kamera, na taa, na mwavuli wa studio. Akapiga magoti pembeni ya kitanda cha mama mkwe wake, adabu zote zimebaki mlangoni, akapiga picha mpaka betri ikaisha.

Kuanzia siku hiyo chumba cha Mama kikawa ofisi. Hodi ikapungua. Asubuhi shemeji yuko pale, mchana yuko pale, kiwiko juu ya godoro, lenzi ukutani. Siku moja nimeenda kumsuka Mama nikasikia kwa masikio yangu haya: "Mama, vuta mkono kidogo, unaniwekea kivuli." Mama akavuta mkono. Kabla hajamaliza kuuvuta kikohozi kikambana, kitanda kikatikisika, na mtu mzima yule, baba wa familia, akasema: "Mama, ukitaka kukohoa uwe unaniambia kwanza. Picha inatetemeka."

Nilishika kitana vizuri nisije nikakitumia vibaya.

"Shemeji," nikamwambia, "huyu ni mama yetu, si stuli yako."

"Shemeji, wewe huelewi. Huyu hajaandikwa popote. Ni mpya duniani." Akamgeukia Mama, sauti ikalainika. "Na nikithibitishiwa, Mama, nitampa jina lako."

"Jina langu? Mdudu?"

"Si mdudu, Mama."

Nimeshuhudia watu wakipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini hii ya kuahidiwa jina kwa kiumbe wa ukuta wenye kuvu, kama malipo ya kukohoa kwa sababu ya ukuta huohuo, sikuwahi kuisikia. Mama akasema ahsante. Kwa sauti ya mgeni.

Yule wa rangi mbili shemeji alimweka kwenye chupa ya jamu yenye pamba mbichi, akaifungia kabatini studio. Baada ya siku kadhaa akaifungua ili amwonyeshe kinyozi, na ndani akakuta kiumbe mmoja wa kijivu mwanzo mwisho, wa kawaida kabisa, anakula pamba. Nyumba ikawaka moto. Akamwita dada.

"Nani amefungua chupa yangu?"

"Chupa ipi?"

"Umesafisha kabati ukamwaga, ukaona utanibadilishia na mwingine nisijue! Mimi ndiye wa kubadilishiwa?"

Dada yangu, ambaye hata mende anamfukuza kwa kumwomba, alilia. Alininong'oneza baadaye akiwa anapepeta mchele kwa hasira: "Yaani mimi nikashike lile, nilichague, nilipime ukubwa, nilitie kwenye chupa? Mimi?" Wiki nzima hawakuzungumza, wakawa wanatumiana habari kupitia kwa Mama.

Katikati ya ugomvi huo dada akaita fundi bomba bila kumwuliza mtu. Nilikuwepo. Fundi akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akabandika sikio, akatikisa kichwa. "Bomba limetoboka humu ndani. Hapa navunja kuanzia hapa mpaka hapa, nabadilisha kipande, mnaacha ukuta ukauke. Bibi huyu asilale humu kwa muda."

Shemeji akatokea mlangoni. "Huvunji kitu."

"Mzee, ukuta unaoza."

"Ukuta huu una viumbe ambao sayansi haijawaona. Mmoja nimeshaibiwa. Waliobaki wako humo, na hawaguswi mpaka jibu lije."

Fundi akasogea, akakodoa macho. "Hawa? Mbona hata chini ya ndoo yangu wamejaa?"

"Si wadudu," shemeji akasema, na hakuna aliyesema ni wadudu.

Fundi akanitazama mimi, akamtazama Mama, akakusanya spana zake moja moja. "Haya. Mkishaelewana nao, mniite."

Dada hakukata tamaa, akaenda nje akafunga koki ya tangi. Kabla jua halijazama akamkuta mumewe anaifungua. Safari hii tulimkabili wawili.

"Wakikauka wanakufa," akatueleza kwa upole kabisa, kama mwalimu. "Hawa wanapumua kama samaki. Bila unyevu hawawezi."

"Na Mama anapumua kama nani?" nikamwuliza.

Alirudi kwenye simu yake. Alikuwa ameshapanga picha zake za kutuma kwa Bi Makumbusho. Si kwenye kundi, wasije wenzake wakamwibia. Alimtumia mwenyewe moja kwa moja, rundo zima, na maelezo marefu yenye neno "mpya" kila mstari. Halafu akasubiri. Mama naye akasubiri, na kikohozi kikashuka kutoka kooni kikahamia kifuani. Dada alimpeleka kwa daktari, daktari akatoa dawa, akauliza analala wapi. Mama akasema analala pazuri, kwa mkwe wake.

Jibu likaja Jumapili mchana, tumetoka kula. Shemeji alisoma mstari wa kwanza akaanza kupiga makofi peke yake. Akatuita wote chumbani kwa Mama, kwa sababu, alisema, historia isomewe pale ilipotokea. Mimi nikakaa juu ya sanduku. Dada akasimama mlangoni, mikono imefumbatwa. Mama alikuwa kitandani, amejiegemeza kwenye mto, ukuta umemvujia mpaka shuka yake ya maua imekuwa na rangi ya chai upande mmoja. Shemeji akakohoa kidogo, kikohozi cha hotuba, akanyoosha mkono wa simu mbali na macho.

"'Ndugu mpiga picha,'" akasoma. "'Ahsante kwa picha zako. Ni nzuri kuliko zote nilizoletewa kwa muda mrefu.'" Akanyamaza ili tuone aibu. Hatukuona. "'Nimezitazama moja moja, kwa makini. Kiumbe wako si mpya.'"

Alikuwa ameshaisoma kwa sauti kabla hajaisikia. Mdomo ukaendelea wenyewe, kama baiskeli isiyo na breki.

"'Ni wa kawaida kabisa. Anavua ngozi. Hawa huvua kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza, na baada ya siku kadhaa nusu ya mbele. Ukimkuta katikati utaona rangi mbili. Ukimweka kwenye chupa ukasubiri, atakuwa wa rangi moja.'"

"Chupa," dada yangu akasema pale mlangoni.

Mimi lakini sikuumbwa na staha ya dada yangu. "Kumbe!" nikapiga paja. "Kumbe alikuwa anavua nguo! Suruali kashatoa, shati bado, na wewe umemwekea taa na mwavuli! Loo, shemeji, huyo kiumbe akushitaki!" Nilicheka mpaka machozi. Hata Mama mdomo ulimchezacheza, akaufunika kwa shuka.

Shemeji hakucheka. Hakukasirika pia. Macho yake yalikuwa bado yanatembea kwenye kioo cha simu, kutoka kushoto kwenda kulia, yakafika chini, yakarudi juu, yakaanza tena.

"Imeishia hapo," akasema.

"Macho yako hayajaisha," nikamwambia, nikanyoosha mkono. Nilidhani atang'ang'ania simu. Aliiachia kirahisi, kama kitu kilichokuwa kinamuunguza. Nikasoma mimi.

"'Swali langu ni jingine. Karibu kila picha, kwenye kona ya chini, kuna kitambaa cha maua. Nilidhani ni pazia. Picha ya mwisho ina vidole vya mtu mzima vimekishika, na nyuma yake kuna mto. Hicho ni kitanda. Ukuta wenye viumbe wengi kiasi hiki umelowa mpaka ndani, na hilo doa jeusi juu yao ni kuvu. Mtu anayelala hapo anapumua hiyo kuvu. Ni nani? Mhamishe leo. Viumbe usiwahofie, watajitafutia kwingine.'"

Kicheko changu kiliishia hapo. Likasikika tone la maji ndani ya ukuta, ambalo nadhani lilikuwa likilia siku zote. Shemeji alitazama doa. Akatazama mto. Akashuka mpaka kwenye vidole vya Mama vilivyoshika shuka, akavitazama kwa muda, halafu akapanda usoni, kidevu, masikio yote mawili, kama vile amemkalisha kwenye stuli. Mashavu ya Mama yalikuwa yameingia ndani. Sijui tangu lini. Hata mimi niliyekuwa namsuka niliona nywele tu.

Akapiga magoti pembeni ya kitanda, pale pale alipozoea kupiga magoti.

"Mama," akasema. "Umeanza kukohoa lini?"

Mama alikunjua ile shuka, akaipanga upya kifuani taratibu. Alimjibu kwa upole wote wa mtu na mkwe wake.

"Muulize huyo wa kwenye simu, baba. Yeye ndiye aliyeniona."